Dawa ya meno yenye floridi katika nyumba za miteremko ya Meru: tathmini ya mnunuzi

Rafu ya dawa za meno katika duka lolote la Arusha, liwe la Mangi wa mtaani au supamaketi ya mjini, huwa na bidhaa za aina mbili ambazo kwa macho hufanana sana: zile zenye madini ya floridi, na zile ambazo watengenezaji wake hujivunia kwamba hazina. Tathmini hii inahusu aina ya kwanza, hususan tyubu ya kawaida ya familia yenye floridi ya 1450 ppm, yaani sehemu 1450 katika kila sehemu milioni moja za dawa, ambayo ndiyo tunayoitumia nyumbani kwetu, na aina nyingine nitazigusa pale tu ulinganisho unapohitajika. Ninaiandika kutoka kusini-mashariki mwa Mlima Meru, kati ya Tengeru na Maji ya Chai, eneo ambalo floridi iliyomo katika maji ya kunywa imeyatia meno ya vizazi kadhaa madoa ya kahawia, na ambako mzazi akilisoma neno hilo kwenye boksi mara nyingi hulirudisha rafuni na kuchukua jingine. Hofu hiyo ina msingi wa kweli, na kwa sababu hiyo inastahili kujibiwa kwa hoja na mtu anayeishi nayo.

Hukumu yangu naitanguliza: tyubu hii inafaa kununuliwa hata hapa kwetu, ila kwa masharti ambayo familia ya Dar es Salaam inaweza kuyalegeza na sisi hatuwezi. Kiasi cha floridi lazima kisomeke kwenye boksi, dawa ipimwe kulingana na umri wa mtoto, na maji ya kunywa yashughulikiwe kama jambo la peke yake, kwa kuwa madhara tunayoyaona kwenye meno ya watu wetu yalitoka kwenye ndoo na mtungi na kwa sehemu kubwa hayakutoka kwenye mswaki.

Ili kuielewa hukumu hiyo, ni lazima kujua kwamba floridi hufika kwenye jino kwa njia mbili, na kwamba njia hizo hufanya kazi tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni ya juu kwa juu. Kila tunapokula sukari au wanga, bakteria waliomo kwenye ukoga hutengeneza asidi, na pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) iliyo juu ya jino ikishuka chini ya 5.5, enameli, yaani lile ganda gumu la nje, huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate hurudisha madini hayo taratibu baadaye, na jino huendelea kuishi kati ya kupoteza na kurudishiwa, hadi siku upotevu utakapozidi na tundu kufunguka. Floridi ikiwapo katika mate na ukoga, hata kwa kiasi kidogo, huharakisha urudishaji huo, na madini yanayojengeka upya huwa magumu zaidi kuliko ya awali, kiasi cha kuvumilia asidi hadi karibu pH 4.5. Njia ya pili ni ya kumeza. Floridi iliyomezwa huingia kwenye damu na kufika kwenye meno ambayo bado yanajengwa ndani ya taya, na ikizidi hapo huvuruga ujenzi wa enameli, ambayo baadaye huota ikiwa na mistari myeupe, madoa ya kahawia au, hali ikiwa mbaya zaidi, vishimo. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu mtoto anapozaliwa hadi anapokaribia miaka 5, na mengine, ukiondoa magego ya mwisho, huendelea hadi karibu miaka 8. Baada ya umri huo floridi haiwezi tena kulitia jino doa la aina hiyo, hata mtu anywe maji gani. Kwa maneno mengine, ulinzi hupatikana zaidi kwa kulipaka jino lililokwisha kuota, na doa hupatikana kwa kumeza wakati jino lingali linajengwa, na tyubu nzuri inayotumiwa vizuri hutoa lile la kwanza bila kuleta la pili.

Wengi hawajui kwamba bidhaa hii ilizaliwa kwa sababu ya watu waliokuwa na meno kama yetu. Mwaka 1901 daktari wa meno aliyeitwa Frederick McKay alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi waliokulia pale wana meno ya kahawia, na katika miaka ya kuyachunguza akagundua kwamba meno hayo, pamoja na sura yake, hayakuwa yakioza kwa urahisi. Chanzo hakikujulikana hadi 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floridi. Baada yake H. Trendley Dean, akifanya kazi katika huduma ya afya ya serikali ya Marekani, alilinganisha miji yenye viwango mbalimbali vya floridi na kuonyesha kwamba karibu miligramu 1 kwa lita ilitosha kupunguza kuoza bila kuleta madoa ya kuonekana kwa watu wengi, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza kuongeza floridi katika maji ya bomba kwa makusudi. Dawa za meno zenye floridi zilienea duniani katika miongo iliyofuata. Nimeyaeleza haya kwa urefu kidogo kwa sababu nimesikia mara nyingi hapa kwetu kwamba floridi ni kitu kilichobuniwa na watu wasioyajua madhara yake, ilhali historia yake ilianza na madhara hayo hayo, na kipimo kinachotumika leo kilipatikana kwa kuyachunguza.

Sasa nije kwenye boksi lenyewe. Jambo la kwanza ninalolitafuta ni tarakimu inayofuatwa na herufi ppm, ambazo humaanisha sehemu za floridi katika kila sehemu milioni moja za dawa, kiasi kwamba dawa ya 1450 ppm ina miligramu 1.45 za floridi katika kila gramu. Shirika la Afya Duniani lilipoiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lilitaja kiwango cha kati ya 1000 na 1500 ppm, na kiwango cha kimataifa cha ISO 11609 kinaweka kikomo cha asilimia 0.15, ambayo ni 1500 ppm. Tyubu ya 1450 inakaa karibu kabisa na kikomo hicho, na hapo ndipo ninapotaka iwe kwa watu wazima na watoto wakubwa.

Maboksi mengine hayaandiki ppm, yanaandika asilimia tu, na hapo mnunuzi anaweza kupotea kwa urahisi, kwa sababu asilimia hiyo mara nyingi ni ya chumvi nzima inayobeba floridi na haielezi floridi yenyewe ni kiasi gani. Sodiamu floridi ya asilimia 0.32 hutoa takriban 1450 ppm, wakati sodiamu monofluorofosfeti ya asilimia 0.76 hutoa 1000 ppm tu, na chumvi hiyo ya pili lazima ifike karibu asilimia 1.1 ndipo ifikie 1450. Mtu akiweka maboksi mawili mkononi, moja lenye 0.76 na jingine lenye 0.32, atadhani la kwanza lina nguvu mara mbili na zaidi, ilhali ndilo lenye floridi pungufu. Naona hili ni kosa la uandishi wa maboksi ambalo watengenezaji wangeweza kulirekebisha kwa mstari mmoja wa maandishi, na sielewi kwa nini mzazi aachwe afanye hesabu ya kemia dukani. Jina la kampuni nalo halitoshi kuwa mwongozo. Colgate, na Whitedent inayotengenezwa Dar es Salaam, hupatikana karibu kila duka, lakini kila jina lina aina kadhaa chini yake, na aliyezoea aina moja asidhani kwamba aina nyingine ya jina lile lile ina viambato vile vile. Boksi lisomwe kila mara.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo boksi halilielezi. Dawa nyingi za bei nafuu hutumia chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, kama kitu cha kusugulia. Chokaa na sodiamu floridi havikai pamoja, kwa kuwa kalsiamu hukamata floridi na kuifanya isiyeyuke, na kwa sababu hiyo dawa zenye chokaa hutumia sodiamu monofluorofosfeti, ambayo huachia floridi yake polepole mdomoni. Mpango huo hufanya kazi dawa ikiwa mpya, lakini kadiri inavyokaa, na hasa inavyokaa kwenye joto, sehemu ya floridi huachiwa ndani ya tyubu na kukamatwa na chokaa kabla haijamfikia mtumiaji, kiasi kwamba tyubu inaweza kuwa na floridi yote iliyoandikwa na bado ikatoa pungufu. Kwa hiyo dawa ya meno iliyoanikwa juani mnadani tangu asubuhi, au iliyobakiza mwezi mmoja kabla ya kuisha muda wake, mimi siinunui hata ikipunguzwa bei. Kati ya tyubu mbili za bei inayokaribiana huchagua ile yenye sodiamu floridi, ambayo husugulia kwa silika badala ya chokaa, na nimeona ni tofauti ya bei inayostahili kulipwa.

Upimaji wa dawa kwenye mswaki ndio moyo wa tathmini hii kwa familia za kwetu, na hapo bidhaa yenyewe inafanya vibaya. Picha zilizo kwenye maboksi mengi na kwenye matangazo ya televisheni huonyesha mswaki uliofunikwa kwa dawa kutoka ncha hadi ncha, tena iliyokunjwa kwa urembo juu yake. Kiasi hicho hukaribia gramu 1 au kupita, na hakuna anayekihitaji, hata mtu mzima. Mtoto aliye chini ya miaka 3 anahitaji mpako mdogo unaolingana na punje ya mchele, ambao ni kama sehemu ya kumi ya gramu, na mtoto wa miaka 3 hadi 6 anahitaji kiasi cha punje ya njegere, kama robo gramu. Njegere hiyo ya dawa ya 1450 ppm ina floridi ya miligramu 0.36 hivi. Mtoto akipiga mswaki mara mbili kwa siku na akaimeza yote, jambo ambalo mtoto anayesimamiwa halifanyi, atakuwa ameingiza miligramu 0.72. Sasa tuweke kando ya hesabu hiyo lita moja ya maji yenye floridi ya miligramu 4, kiwango ambacho Tanzania ilikiruhusu kwa miaka mingi kwa sababu ya ugumu wa kupata maji mengine, kabla ya kukishusha hadi 1.5, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Lita hiyo moja ni sawa na njegere 11 za dawa zilizomezwa zote bila kutemwa hata moja. Mzazi anayebadilisha dawa ya meno na kuacha maji yale yale ya kunywa ameziba ufa na kuuacha mlango wazi.

Hata hivyo hesabu hiyo isitufanye tuilegeze tyubu. Kwa mtoto ambaye maji yake tayari yana floridi nyingi, kinachomezwa kutoka kwenye mswaki kinaongezwa juu ya kilichopo, na kwa hiyo sisi tunapaswa kuwa wakali zaidi wa kipimo kuliko wengine. Nyumbani kwetu anayeminya dawa ni mtu mzima, mtoto haminyi mwenyewe kabla ya kufika miaka 6 au 7, na anayejifunza kutema husimama karoni au uani na mtu wa kumwangalia. Tyubu yenyewe huwekwa mbali, kwa kuwa tyubu ya gramu 100 ina floridi ya karibu miligramu 145, na kiasi kinachohesabiwa kuwa cha hatari, kinachohitaji hospitali, huanzia miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtoto wa kilo 12 hicho ni kiasi cha miligramu 60, yaani chini ya nusu ya tyubu. Mtoto akila kiasi kama hicho apewe maziwa, ambayo kalsiamu yake huikamata floridi tumboni, na apelekwe hospitali bila kusubiri dalili.

Kwa msingi huo sina sifa nyingi kwa tyubu za watoto zenye ladha ya pipi na matunda. Ladha ya utamu hushawishi kumeza, na ndicho kitu cha mwisho tunachokitaka. Isitoshe, baadhi yake zina floridi ya karibu 500 ppm, na ushahidi wa kwamba kiwango kilicho chini ya 1000 kinazuia kuoza ni hafifu. Mzazi analipa zaidi kwa dawa dhaifu zaidi iliyochorwa katuni. Punje ya mchele ya dawa ya familia humpa mtoto floridi kidogo ya kumeza, na wakati huo huo huacha juu ya jino kiwango chenye nguvu ya kutosha, na ninaona huo ni mpango bora kuliko kujaza mswaki kwa dawa hafifu.

Utendaji wa dawa hutegemea pia kinachofanyika baada ya kusugua, na hapa desturi yetu inapingana na bidhaa. Tumefundishwa kwamba usafi wa kinywa hukamilika kwa kusukutua na kikombe kizima cha maji, pengine mara tatu, hadi povu liishe kabisa. Kufanya hivyo ni kuiondoa floridi kabla haijafanya kazi yake. Inatosha kutema vizuri, na anayeudhika na mabaki anaweza kutumia tone dogo la maji na kutema tena. Mswaki wa usiku ndio wenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu mate hupungua tunapolala na kinywa hakina ulinzi wake wa kawaida, kwa hiyo baada yake asipewe mtu chai wala maziwa yenye sukari. Ilituchukua muda kuizoea hali ya kutosukutua, na mama mkwe wangu hadi leo huiona kama uchafu, lakini nimemweleza na ameridhia kwa wajukuu zake.

Je, dawa hii inazuia kuoza kweli? Uchambuzi wa mwaka 2003 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, uliojumlisha majaribio mengi kwa watoto na vijana, ulikuta kwamba dawa zenye floridi zilipunguza kuoza kwa meno ya kudumu kwa wastani wa asilimia 24 zikilinganishwa na dawa zisizo na floridi. Wapo watakaoiona asilimia hiyo kuwa ndogo. Mimi naiona kubwa, kwa kuwa ni faida inayopatikana kwa kitu ambacho mtu angekinunua vyovyote vile, na kwa kuwa jino lililotoboka katika vijiji vyetu mara nyingi huishia kung'olewa, kwani huduma ya kuziba iko mbali au ina gharama ambayo familia haikuipanga. Lakini haiwezi kushinda peke yake mtoto anayeshinda na ubuyu wa rangi, pipi na soda kuanzia asubuhi, kwani kila mlo wa sukari hufungua upya kipindi cha asidi, na mswaki hupigwa mara mbili tu kwa siku.

Kuhusu dawa zisizo na floridi nitasema kwa ufupi. Zile za mitishamba na za shubiri, kama Forever Bright inayouzwa mkono kwa mkono na mawakala, husafisha ukoga na kuacha harufu nzuri, na hazidai kuwa na floridi. Anayezitumia apate basi floridi kwa njia nyingine, au akubali kwamba anasugua bila kukinga. Dawa za mkaa zinazoahidi weupe naziogopa zaidi, kwa sababu baadhi yake husugua kwa ukali na kulimaliza ganda ambalo halirudi. Mswaki wa mti, unaotumiwa sana na watu wa Pwani na jamii za wafugaji, husafisha vizuri ukitumiwa na mtu anayeujua, na hakuna kinachomzuia mtu huyo kuupaka dawa yenye floridi.

Maji nimeyataja, na hayawezi kupitwa haraka, kwa sababu bila kuyatengeneza tathmini ya tyubu hii haikamiliki. Miamba ya volkano ya Meru huachia floridi kwenye chemchemi, mito na visima vinavyotoka humo, na vyanzo vingi vya upande wetu vina kiwango kilicho mara kadhaa juu ya miligramu 1.5 kwa lita. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzetu wa Bonde la Ufa upande wa Kenya, kuanzia Naivasha hadi Nakuru. Kuchemsha hakusaidii kabisa: huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floridi hubaki, na kiwango chake huongezeka kidogo. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka ni chanzo kingine, kwa kuwa magadi ya ukanda wetu yanaweza kubeba floridi nyingi sana, na familia yenye watoto wadogo ingefanya vyema kuyaacha na kuloweka maharage usiku kucha. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi karibu hayana floridi, na nyumba yenye bati inaweza kuyatenga kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha watoto tu. Pale mvua isipotosha, kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto, na kwa upande wa Nakuru na mpango wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki. Kuna pia chujio la Nanofilter lililobuniwa na Dk. Askwar Hilonga katika Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, lililopata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Chujio la aina yoyote huchoka, na lisipobadilishwa kiini chake huendelea kutoa maji safi kwa macho yaliyobeba floridi yote, kwa hiyo maji yapimwe tena baada ya muda.

Mtu mzima mwenye madoa asiinunue tyubu hii akitarajia kwamba itayaondoa. Doa la floridi liko ndani ya enameli, na hakuna dawa ya kusugua inayolifikia, iandikwe weupe au isiandikwe. Wala asidhani kwamba jino la kahawia haliozi. Kiwango cha wastani huligumisha, lakini jino lililopata vishimo lina ganda dhaifu, hushika mabaki ya chakula na linaweza kutoboka kama jino lingine lolote, na mwenye meno hayo anaihitaji dawa yenye floridi kama jirani yake mwenye meno meupe.

Nimalizie na vanishi ya floridi, ambayo haiuzwi rafuni bali hupakwa na wataalamu wa kinywa na meno. Ni kimiminika kizito cha rangi ya manjano chenye sodiamu floridi ya asilimia 5, sawa na 22,600 ppm, na tarakimu hiyo humshtua mzazi yeyote. Kinachoifanya iwe salama ni uchache wake na namna inavyoganda: kwa meno yote ya utoto hutumika kama robo mililita, ambayo ina floridi isiyofika miligramu 6, na ikigusana na mate hushika kwenye jino na kuachia floridi kwa saa kadhaa. Hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa mtoto aliye katika hatari ya kuoza. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013 ulikuta inapunguza kuoza kwa wastani wa asilimia 43 kwenye meno ya kudumu na asilimia 37 kwenye meno ya utoto. Tuliipata kwa daktari mmoja wa mjini ambaye, kabla ya kufungua chochote, alituuliza tunakunywa maji gani na mtoto ana pumu au mzio, swali la lazima kwa kuwa vanishi nyingi zina utomvu wa msonobari unaoweza kuwadhuru wachache. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache, haikuuma, na usumbufu ulikuwa wa kukataza vyakula vigumu na mswaki hadi kesho yake, pamoja na meno kuonekana ya manjano jioni hiyo. Kwa mtoto ambaye magego yake ya kwanza ya kudumu yanaota, karibu na miaka 6, naipendekeza kwa moyo wote. Kwa mtu mzima asiye na tundu na anayepiga mswaki vizuri, sioni haja ya gharama hiyo.

Kwa watengenezaji ninaomba mambo yasiyo na gharama kubwa: ppm iandikwe upande wa mbele wa boksi kwa tarakimu zinazosomeka, maelezo ya kiasi kwa kila umri yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na picha ya punje ya mchele na ya njegere katika ukubwa wake halisi, na picha ya mswaki uliojazwa dawa iondolewe. Kwa sasa ninachonunua ni tyubu ya familia ya 1450 ppm yenye sodiamu floridi, iliyokaa kivulini na yenye tarehe ya mbali ya kuisha muda, moja kwa nyumba nzima, na huwekwa juu ya kabati ambako mtoto wa miaka miwili hafiki.